Sahihi ya Soda na Nusu Mkate

Umoja, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, nami nimezitoa hivyo hivyo. Goti linaendeleaje? Na lile sikio? Muthama aliniambia juzi kwamba siku hizi ukipigiwa simu unaitikia "eeh, eeh" mpaka mtu amalize, halafu unamgeukia mama yetu, Mwaitu, na kumuuliza, "Huyo alikuwa nani?" Ndiyo maana nimeacha simu nikashika kalamu. Karatasi hujawahi kuikataa maishani mwako. Huku tuko wazima. Watoto wanasoma, kikohozi cha mdogo kimeisha, na mvua imenyesha mpaka matope ya hapa mtaani yakameza kiatu changu kimoja. Sijakiona tena.

Lakini tusizungukane. Tangu niliposhtaki, hujanisalimu. Ulimtuma ndugu yangu Muthama aniletee neno moja tu: "Mwambie dada yako serikali haishtakiwi." Neno hilo liliniuma, Baba, sitaficha. Nimekaa nalo miezi yote hii nikijua kwamba nikikujibu kwa hasira nitakukosea, na nikinyamaza nitajikosea. Sasa kesi imeisha, na nataka nikueleze kutoka mwanzo, kwa utaratibu, vile karani wa chifu kama wewe anavyopenda kuelezwa. Ukinikasirikia, unikasirikie kwa nililolifanya, si kwa uliyoyasikia sokoni.

Kibanda changu unakijua, ulikiona ule mwaka uliokuja kutibiwa macho. Kiko upande wa nyuma wa uwanja, pamoja na vya maseremala. Wao wanapiga fremu, mimi navalisha makochi sponji na kitambaa. Upande wa mbele watoto wanacheza mpira, na katikati Mama Shiro anauza chai na githeri, mahindi na maharagwe. Ni yule jirani yangu mjane, mzaliwa wa Murang'a, aliyekupa mandazi ukasema hayana sukari. Bado hajakusamehe. Ni kiongozi wa akina mama kanisani kwao na uwanja mzima unamwogopa kidogo, hata Karis, mwenyekiti wetu sisi mafundi, ambaye hamwogopi mtu mwingine yeyote.

Mwaka jana walikuja watu wa ofisi fulani ya serikali. Sitaitaja, maana barua hupita mikono mingi. Walifika mchana, siku ya kazi, wakashusha kreti za soda na mikate kutoka kwenye pikapu. Mmoja wao alishika kipaza sauti akamwaga Kiingereza kirefu kuhusu maendeleo, huku msumeno wa umeme wa Karis ukimfunika sauti. Halafu zikapitishwa karatasi zenye mistari. Tukaambiwa kila mtu aandike jina na nambari ya kitambulisho, atie sahihi, apewe soda na nusu mkate.

Baba, ni nani hapa Eastlands anayeona foleni ya soda akaipita? Nilijipanga. Niliandika majina yangu yote matatu, nikatia ile sahihi yangu yenye mkia uliyoniambia nisiifupishe hata siku moja. Nikapewa soda ya machungwa. Nilifurahi, nikarudi kazini, na sikuuliza hata swali moja. Mimi, niliyelelewa na karani! Hapo ndipo kosa lilipo, na ni langu, sitamsukumia mtu.

Haikupita miezi mingi, ubao ukasimamishwa uwanjani. Jengo la maduka linakuja, na wenye vibanda tumepewa siku za kuhama. Tulikimbia kwa mwakilishi wa wadi yetu. Alikiri kwamba hata yeye ameliona jambo hilo kwenye ubao kama sisi, lakini alitupa ushauri mmoja mzuri: tuandike barua kudai karatasi zote za mradi, kwa sababu Katiba inampa kila mwananchi haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali. Nikaandika mimi, kwa kuwa ndimi katibu wa kikundi. Tulizungushwa, tukaambiwa njoo kesho, njoo wiki ijayo, mwisho tukapewa faili.

Nililisoma nikiwa nimekalia kochi la mteja ambalo halijavishwa. Ramani, barua, mihuri. Halafu nikafika kwenye ukurasa ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii ni orodha ya wakazi walioafiki mradi baada ya kushauriwa. Chini yake zilifuata zile karatasi zetu za soda. Na jina langu hilo hapo, na mkia wake.

Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo. Nilitamani niingie ndani ya sponji.

Sasa nikuambie kwa nini nilienda mahakamani, maana hapa ndipo mimi na wewe tunapoachana. Wewe ukisema serikali unaona mstari mmoja. Chifu, juu yake bwana fulani, juu yake mwingine, mpaka kule juu kabisa. Amri zinashuka, shukrani zinapanda. Ulifanya kazi ndani ya mstari huo miaka thelathini na ulikuwa mwaminifu, na ni kweli, serikali ya namna hiyo ungeishtaki wapi? Ungekuwa unaishtaki kwake yenyewe.

Hii ya sasa haikujengwa hivyo. Nina kile kitabu kidogo cha Katiba, nilikinunua kwa wachuuzi wa barabarani mjini, kimeshika gundi mpaka kurasa nyingine hazifunguki, lakini zilizofunguka nimezisoma. Bunge linatunga sheria lakini haliendeshi ofisi. Wanaoendesha ofisi hawahukumu. Mahakama inahukumu lakini haina askari wala fedha zake za kutawala. Kaunti zina mamlaka yake, ambayo gavana hakupewa kama zawadi kutoka juu bali yameandikwa. Na kabla ya hao wote, mwanzoni kabisa, imeandikwa kwamba mamlaka ni ya wananchi, hao wengine wameshikishwa tu. Ukigeuza kochi langu utaona mikanda ya mpira niliyoivuta huku na huku, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukimvuta mwenzake. Nikiivuta yote upande mmoja, mgeni wa kwanza kukaa anafika sakafuni. Basi ndivyo nilivyoielewa mimi. Kule kuvutana unakokuona ni utovu wa adabu ndiko kunakobeba uzito.

Tulipata wakili, dada mmoja anayeishi mtaa wa Fedha, akatusimamia kwa moyo wake. Alisema mtu mmoja aape kwa niaba ya wote, na aliyefaa ni katibu. Mimi. Akatupa siku chache tufikirie. Alipoondoka tu, Karis akafunga mlango wa kibanda.

"Maze, hii story ni simple," akasema. "Mwikali anaapa hizo sign si zetu. Ni feki. Kesi inaisha, tunarudi job."

"Lakini ni zetu," nikamwambia.

"Na nani atajua?"

"Karis, mkia ule umeuona. Nani mwingine Umoja nzima anaandika mkia kama huo?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Aliuliza, vibanda vikibomolewa watoto wake watakula mkia wangu? Nikamwambia kwamba nikiapa uongo nitakuwa nimefanya walichofanya wale wa pikapu, tofauti ni kwamba mimi sina pikapu. Ilikuwa inauma, Baba, kwa sababu alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi pia niliogopa. Nikishindwa, sote tunafukuzwa, na wa kulaumiwa ni mmoja.

"Ukisema ni yako, umetuuza," Karis akanijibu. "Na usikuje kwangu kutafuta fremu."

Hakutania. Kwa muda wote uliofuata hakuna seremala aliyeniletea fremu ya kuvisha. Nilikuwa nafungua kibanda asubuhi, nafagia, nakaa. Mama Shiro peke yake ndiye aliyekuwa akiniletea chai, naye hakuniambia nina haki wala sina. Aliiweka tu na kuondoka, na nilimwona ana jambo linalomkaa kooni. Nikaapa ukweli: sahihi ni yangu, niliitia kwa soda, karatasi haikuwa na kichwa, na kuhusu jengo sikuulizwa na mtu.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa ile ofisi akaomba anihoji. Nilivaa lile gauni la kijivu la harusi ya Muthama. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na pembeni palikuwa na karani wa kutafsiri, akaniambia niseme Kiswahili bila wasiwasi.

"Hii ni sahihi yako?" wakili akauliza.

"Ni yangu."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Wewe ni mtu mzima mwenye akili timamu?"

"Ndiyo."

"Basi ulikubali."

"Niliikubali soda," nikamjibu.

Watu wakaangua kicheko, askari wa mahakama akawanyamazisha. Mimi sikuwa natania. Ndilo jibu lililokuwa la kweli. Jaji akavua miwani akaniangalia.

"Karatasi ilipofika mikononi mwako, juu iliandikwa nini?"

"Hakukuwa na kitu, Mheshimiwa. Mistari tu."

"Na kuhusu jengo uliulizwa nini?"

"Sikuulizwa."

Wakili akasema kwamba huyo ni shahidi mmoja tu, mwenye maslahi yake, na kwamba wakazi wengi wametia sahihi kwa hiari. Akasoma majina machache kwa sauti. Alipolisoma la tatu, nikasikia benchi la nyuma likilia. Mama Shiro alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, huyo ni bwana yangu," akasema. "Na huyo ni marehemu."

Askari akamwambia akae. Hakukaa. Wakili wetu akaomba aruhusiwe kuapishwa, wale wengine wakapinga, jaji akaruhusu. Mama Shiro akapanda kizimbani na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akaeleza kwamba siku ile alirudi kwenye foleni mara ya pili akaandika jina la mumewe, aliyezikwa miaka minne nyuma.

"Kwa nini?" jaji akamuuliza, kwa upole.

"Kila kitu kikigawanywa mimi huchukua fungu lake. Nimezoea. Hakuna siku nimekula mkate nikamwacha." Halafu akalia, akajipangusa na ncha ya kitambaa, akaongeza, "Mimi ni kiongozi wa akina mama. Nilikuwa naona haya kusema. Lakini maiti haiwezi kukubali duka lijengwe."

Hakuna aliyecheka. Nilimwangalia Karis, alikuwa amekodolea macho sakafu. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na ninajivunia yule mama kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, nikiwaondoa wewe na Mwaitu.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki kadhaa. Nitakueleza ninavyoukumbuka. Jaji alisema kupokea kinywaji si kushauriwa. Alisema wananchi wakitakiwa kutoa maoni waambiwe mapema, kwa lugha wanayoielewa, mahali wanapoweza kufika, na wapewe nafasi ya kusema hapana na hapana yao iandikwe. Mradi ukasimamishwa mpaka ile ofisi irudi ianze upya. Hakusema uwanja ni wetu. Karis, aliyekuwa keshaanza kurukaruka, akaja kuninong'oneza, "Sasa tumeshinda nini?"

"Tumeshinda kuulizwa," nikamwambia.

Alinifuata mpaka nje kwenye ngazi. Halafu akasema, "Fremu tatu ziko ready. Kujia kesho." Huyo ndiye Karis, msamaha wake huja umepigiliwa misumari. Mama Shiro alimtuma Karis soko la mbuzi la Kiamaiko siku hiyo hiyo akaleta mguu wa mbuzi, tukaula uwanjani, mafundi, watoto na mbwa wa jirani.

Jumamosi iliyopita mkutano ulirudiwa. Ofisi ilileta ramani kubwa, na afisa aliyezungumza Kiswahili kilichonyooka. Misumeno ikazimwa. Nilidhani sote tutakuwa upande mmoja, kumbe! Kuna wakazi waliotaka maduka hasa, wamechoka kutembea mbali, na walikuwa na hoja. Kuna mama aliyesema vumbi la mbao linamwua mtoto wake mwenye pumu, na hilo nikaliandika kama alivyolisema. Maana nilichaguliwa kuandika kumbukumbu, Baba. Aliyenipendekeza ni Karis, yeye mwenyewe. Alisimama akasema, "Huyu hawezi kuandika uongo hata ukimnyima kazi. Mimi nilijaribu."

Tulibishana tangu asubuhi mpaka jua likaanza kulegea. Mwisho wengi wakakubaliana kwamba maduka yajengwe upande wa barabarani, uwanja wa mpira usiguswe, na mafundi tupate kibanda kimoja kirefu cha nyuma chenye ukuta wa kuzuia vumbi. Soda zilikuwa zimefika zamani. Tukasema zingoje. Nikasimama juu ya kiti nikasoma kumbukumbu zote kwa sauti, waliokubali na waliopinga kwa majina yao, wakanirekebisha mara mbili, ndipo watu wakatia sahihi. Mama Shiro alitia moja tu.

Hakuna tofali lililowekwa bado, na najua ofisi inaweza kutuzungusha tena. Ikituzungusha, njia tunaijua. Nimekuwekea nakala ya kumbukumbu ndani ya bahasha hii. Isome kwa jicho la kazi, na palipo na kosa piga mstari kwa ile kalamu yako nyekundu. Nitafurahi kuuona mstari wako.

Msalimie Mwaitu, mwambie kiuno chake nimekitafutia dawa ya kuchua, nitaituma na basi. Msalimie Muthama na mkewe, na umwambie Muthama aache kuongeza chumvi anapopeleka ujumbe. Shangazi Ndunge, aliyeniombea siku ya kesi, mwambie maombi yalifika. Na mwalimu wangu wa darasa la tano, kama bado anapita hapo nyumbani, mpe mkono kwa niaba yangu.

Limebaki jambo moja, Baba. Nilipokuwa darasa hilo la tano, siku moja ya likizo nilikuletea uji ukiwa mezani unaandika. Ilikuwa Alhamisi. Nilisoma juu ya bega lako. Zilikuwa kumbukumbu za baraza la Ijumaa, la kesho yake, na ulikuwa umefika pale pa kusema kwamba wananchi wote wamekubali kuyatoa malisho ya kijiji. Uliniona, ukaifunika karatasi kwa kiganja. Hukunigombeza. Lakini ule uji hukuugusa, na siku mbili hukuzungumza na mtu. Sikumwambia yeyote, hata Mwaitu.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba siku ile nilimwona baba yangu akikosea. Niliposimama kizimbani ndipo nilipoelewa nilichokiona. Nilimwona mtu mwenye watoto sita, ameamriwa aandike, na nchi nzima haikuwa na mlango hata mmoja ambao angeweza kuubisha aseme hapana. Mimi mlango nilikuwa nao. Kwa hiyo usidhani nilienda kule kwa kukudharau wewe au kazi yako. Nilisema hapana yangu mbele ya jaji, Baba, na moyoni, papo hapo, nikaisema na yako.

Binti yako,
Mwikali